Mchumi Aliyesikilizwa Lindi

Wiki jana nilikuwa Lindi, Kibera, kwenye karakana ya mabati ambako mifupa ya ng'ombe huchongwa bangili za kuuzwa ng'ambo. Redioni mchumi mmoja alikuwa akieleza kwa nini China na India zinauza sana nje kutushinda. Alishataja sarafu, kodi na bandari. Ghafla mafundi wote wakainua mifupa yao kutoka kwenye mashine, wakaikodolea macho redio.

Nikamwambia mama mwenye karakana, "Kumbe mnafuatilia sana mambo ya uchumi."

"Uchumi gani?" akauliza bila kunitazama. "Sisi tunasikiza stima. Sauti ya huyu ikianza kufifia, tunajua stima inasumbua. Ikirudi na nguvu, mashine inaruka na mfupa unapasuka. Na hao wa ng'ambo hawachukui bangili iko na ufa."

Mchumi akasema sababu kubwa kuliko zote ni moja tu, na hapo redio ikazimika.

Hakuna aliyelalamika. Mafundi wakachukua msasa, wakaendelea kusugua kwa mkono, polepole, kama watu waliozoea. Nilichoka kwa kuwatazama tu.

Stima iliporudi, mchumi alikuwa akiaga, akitushukuru kwa kumsikiliza kwa makini.

"Huyu ako sawa," mama akasema, akiwasha mashine. "Sauti yake ni nzito. Ikipungua, unaskia mapema."

Nimekaa kwenye mikutano mingi ya wachumi mahotelini. Sijaona hata mmoja akisikilizwa hivyo.