Siku Bwana Shauri Aliposhiriki

Juzi mjukuu wangu alinionyesha cheti cha kushiriki semina, nikasikia tena harufu ya miti mibichi.

Mchana ule nilikuwa mtoto, enzi za Waingereza, na kijiji kizima tulikuwa tukifyeka pori la mbung'o, nzi wa malale, nje ya Tabora. Karani alitangaza kwamba Bwana Shauri, Mzungu wa serikali, naye anashiriki. Kwa Kiingereza, alisema, anapatisipeti. Kwetu waliolima pamoja walikula chungu kimoja, basi nikajua tutakula naye.

Bwana Shauri alikaa kivulini mpaka jioni. Kuku wa mama alipoiva, akapelekewa yeye. Nikanawa mikono, nikaketi mezani pake.

Karani alinivuta sikio. "Umeitwa na nani?"

"Mimi nimefyeka," nilimjibu. "Yeye hajafyeka."

Nilichapwa. Leo Kiingereza nakijua, na bado sioni nilikosea wapi.