Madaftari Manne hadi Kawangware

Kwa miezi minne mizima niliamini, tena kwa moyo wote, kwamba kule Kawangware kuna nyumba ambako hadithi za wakimbizi hupimwa kwa mizani. Ikiwa kilo moja, unarudishwa ulikotoka. Ikifika kilo mbili, unaachwa ukae Kenya. Kilo tatu, ndege inakubeba moja kwa moja hadi Kanada, na chakula unakulia angani. Habari hii niliipata kwa Wafula, kinyozi wangu wa Kisumu Ndogo, mtaani kwetu Kibera, aliyewahi kumsindikiza mteja pale akaona kwa macho yake mafaili yamelala juu ya mizani. Nami mtu akishika wembe karibu na sikio langu sina desturi ya kumbishia.

Safari yenyewe ilikuwa ya jirani yangu Espoir, fundi wa nguo kutoka Bukavu, anayepanga chumba kilichopakana na karakana yangu ya majiko. Nyumba hiyo ya Kawangware ni ya watu wa hisani, wanaowasaidia wakimbizi kuandaa makaratasi ya kupeleka serikalini. Walikuwa wamemwambia Espoir alete maelezo yake: alitokaje kwao, kwa nini, alipita wapi. Siku ya mwisho ilikuwa Jumanne, saa kumi jioni. Ikimpita, nafasi yake ya kuhojiwa inapewa mwingine, naye anarudi mwisho wa foleni, labda mwaka mzima, akiwa na karatasi ya ukimbizi iliyoisha muda na mke ambaye kila akisikia buti za polisi nje anazima redio.

Espoir alinijia mimi kwa sababu katika ploti yetu ni mimi peke yangu niliyehitimu shule ya jioni. Nilimaliza nikiwa na miaka arobaini na moja, na kwenye insha nilikuwa hatari. Mwalimu wetu alisema nikianza kuandika, hata saa ya ukutani husimama isikilize.

Basi Espoir akanisimulia. Hadithi yake iliisha kabla sijamaliza kikombe kimoja cha strungi, chai isiyo na maziwa. Nikaipima kichwani: gramu mia, ukizidisha sana mia na hamsini. Nikasema jirani yangu sitamtuma mbele ya mizani na gramu mia. Nikanunua madaftari manne ya jalada gumu, yale mazito kama tofali, nikayajaza yote. Alipotaka nimsomee nilimwambia chakula hakionjwi kabla hakijaiva.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Kisumu Ndogo. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi chini, mzito kiasi kwamba ungeweza kuukata vipande ukaupanga mezani kando ya dagaa wa omena. Kina mama walikuwa wanamwaga omena kwenye magunia, na kwa sababu miguu yao haikuonekana, ilikuwa kama wanaelea. Neema, mke wa Espoir, aliyafunga madaftari ndani ya kitenge kama anavyofungwa mtoto, akanikabidhi.

"Kaka Odhiambo," akasema, "umurudishe na jibu ya muzuri."

"Shemeji, nitamrudisha na ndege."

Hakucheka. Alimtengeneza mumewe kola ya shati, akaishika kidogo kupita ilivyohitajika, kisha akarudi ndani.

Tulikwenda kwa miguu. Espoir alisema safari hii aliianza na miguu huko kwao, basi kipande kilichobaki atakimaliza nayo.

Saa moja na nusu, Soko la Toi. Wenye mitumba walikuwa wanatundika makoti, na katika ule ukungu makoti yalisimama kama umati uliotangulia kufika ukawa unatungoja. Nilimwomba mama mmoja wa vitunguu, mteja wangu wa majiko, anipimie mzigo.

"Kilo mbili na robo," akasema. "Unauza nini, Odhis?"

"Maisha ya mtu."

"Basi ongeza kitunguu, yafike na nusu."

Kilo mbili na robo! Kenya tumeshaipata, nikawaza, na Kanada imebaki robo tatu tu. Nikatembea kifua mbele hadi barabarani.

Saa mbili, Barabara ya Ngong. Mafundi wa samani walikuwa wameshatoa vitanda vyao kando ya barabara, vikubwa, vimepigwa vanishi hadi vinang'aa, kimoja baada ya kingine chini ya miti, bila godoro wala mtu. Tulipita hapo polepole. Naapa vitanda vile vilifika elfu moja, na kila kimoja kilikuwa kama kimetoroka usingizini mwa mtu fulani. Espoir akasimama, akapitisha kiganja kwenye ubao.

"Usiku ya kwanza tulilala mu masomo," akasema.

"Shuleni?"

"Eeh. Mu darasa ya batoto badogo. Neema alilala juu ya madawati mbili. Ubaoni walikuwa waliandika hesabu, haikuisha. Usiku wote mi nilikuwa naimaliza mu kichwa."

"Ilikuwa ngapi?"

"Kumi na saba."

"Ni nzuri," nikamwambia, "lakini nyepesi. Mimi nimeandika mlilala juu ya mti, chui akizunguka chini."

Alinitazama, akatazama kile kitanda, akaendelea kutembea.

Saa tatu na ushee, Dagoretti Kona. Jua lilikuwa limetoboa. Tulikunywa chai na mandazi kwenye kibanda, mzigo wetu nimeupakata. Karibu nasi fundi mmoja alikuwa anakanyaga cherehani, na Espoir alimsikiliza kwa namna mwingine anavyosikiliza wimbo wa kwao.

"Mi nilibeba kichwa ya mashini," akasema.

"Cherehani?"

"Kichwa yake tu, ya chuma. Ku bega. Siku tatu. Ku mupaka, mwenye lori alisema nafasi iko ya mutu moja, na mi sina kitu. Nikamupa mashini, Neema akapanda. Mi nikamufuata na miguu."

"Ningelijua hilo mapema ningekuandikia umebeba tatu."

"Lakini ilikuwa moja, kaka."

"Ndiyo, moja. Moja ni nyepesi."

Saa tano, Kawangware. Tulipanda na Barabara ya Naivasha, tukapita wenye ndizi, wenye chuma chakavu na spika tatu za wahubiri zilizokuwa zikijibizana, tukaingia kichochoro nyuma ya muuza makaa. Geti la kijani. Ndani kulikuwa na ua mdogo wenye mabenchi, na watu wameketi kimya kama walio kanisani: Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Wasudani Kusini, kila mmoja na bahasha yake mapajani. Sufuria la githeri, mahindi kwa maharagwe, lilikuwa linachemka, na mvuke wake ukipita juu ya vichwa vyote bila kumbagua mtu.

Na pale, karibu na mlango wa ofisi, ilikuwepo. Mizani. Kubwa, ya chuma, yenye sinia na mshale mwekundu, na juu ya sinia rundo la mafaili. Nikavua kofia. Wafula, nikasema moyoni, Mungu akuongezee wateja.

Aliyetupokea ni Mama Naima, Mnubi wa Kibera, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alituketisha, akafungua kitenge.

"Haya ni nini?"

"Maelezo," nikasema. "Nimeandika mimi, Odhiambo, lakini maisha ni yake."

Akaanza daftari la kwanza. Akasoma kwa sauti: "'Majogoo walipowika, nao ndege wakitumbuiza kwa nyimbo zao tamu, jua lilichungulia kwa haya kama bibi harusi.'" Akainua macho. "Hii ni siku gani?"

"Siku nyumba yao ilipochomwa," nikasema.

"Na ndege walikuwa wanatumbuiza."

"Mwalimu alisema mwanzo wa insha ni lazima uvutie, Mama."

Akafunua katikati, akafunua tena. Akafika daftari la tatu, akamgeukia Espoir.

"Baba, hapa unapigana na simba."

Espoir akatafakari. "Simba mi nilimuona ku picha."

"Na hapa umevuka mto ukiwa umebeba watu saba mgongoni."

Espoir akaegemea mbele, akatazama mwandiko wangu kwa heshima, kama anayetazama picha ya tajiri asiyemfahamu. "Uyu mutu wa mu kitabu, mi simujue," akasema. "Ni mutu wa nguvu sana."

Mtu mmoja benchini alicheka. Mama Naima hakucheka.

"Odhiambo, sikiliza. Atawekwa mbele ya afisa. Afisa atamuuliza, simba alitokea upande gani wa mto? Yeye hatajua, kwa sababu simba ni wako. Akikosea simba, nyumba iliyochomwa nayo haitaaminika. Umempatia hadithi nzuri, sitakataa. Lakini si yeye atakayeweza kuishi ndani yake."

Masikio yalinichoma.

"Saa ngapi sasa?" Espoir akauliza.

"Saa sita kasorobo. Muda upo." Mama Naima akayasukuma madaftari kando, akachukua karatasi moja nyeupe. "Baba, niambie wewe. Polepole. Mlilala wapi usiku wa kwanza?"

Naye akasema: shuleni, darasa la watoto wadogo, madawati mawili, hesabu isiyoisha. Akasema kichwa cha cherehani. Mama Naima akauliza kilikuwa cha rangi gani.

"Nyeusi. Na maua ya dhahabu. Ua moja lilifutika, pale mama yangu alikuwa anaweka kidole."

Akaandika hilo pia. Akauliza mama yuko wapi. Espoir akatazama mvuke wa githeri. "Alibaki," akasema. "Alisema lazima iko mutu ya kufunga mulango." Kalamu ikaendelea. Jua lilikuwa limeegemea ukuta kama mtu aliyechoka. Kwa mara ya kwanza nilimsikia jirani yangu, ambaye kwa mwaka mzima tulikuwa tumetenganishwa na bati moja tu.

Hadithi yake ilijaa ukurasa mmoja na nusu. Alisomewa, akasahihisha mahali pamoja, akatia sahihi.

Tukiwa tunakula, nilimuuliza Mama Naima kazi hii aliifuata kwa nini. "Babu yangu aliletwa hapa na Waingereza akiwa askari," akasema. "Mimi nimezaliwa Kibera, mama yangu kazaliwa Kibera. Kitambulisho nilikipata baada ya kuitwa mara nne kueleza mimi ni nani. Kwa hiyo hicho kiti cha kuhojiwa nakijua, Odhiambo. Ongeza githeri."

Saa nane tuliaga. Pikipiki ya kupeleka mafaili ilikuwa inakuja saa tisa na nusu. Tulishuka na Barabara ya Naivasha, Espoir mikono mitupu, anaimba kwa pua, mwepesi kama shati kwenye kamba. Mimi nilibeba kilo mbili na robo ambazo sasa hazikuwa za mtu yeyote.

Sitawaweka roho juu. Baada ya miezi Espoir aliitwa, akahojiwa, na afisa alimuuliza juu ya ile mashine. Akajibu bila kutafuta. Karatasi yake mpya Neema ameifunga kwa kile kitenge, ameiweka chini ya godoro, na redio yao siku hizi naisikia hadi mwisho wa taarifa ya habari.

Lakini nimeruka jambo moja. Siku ile ile, tulipofika Dagoretti Kona, miguu yangu ilikataa. Ukurasa mmoja na nusu! Hata unyoya una uzito zaidi. Kichwani mwangu nilimwona Espoir anarudishwa hadi mlango ule ambao mama yake alibaki kuufunga, na ni mimi niliyemwahidi Neema jibu zuri. Nikamwambia nimesahau kofia. Akanitazama kichwani, ambako kofia ilikuwepo, akasema atanisubiri kwenye chai.

Nilirudi mbio, ingawa mbio zangu ni za kusimuliwa kuliko za kuonekana. Saa tisa na dakika kumi niliingia getini. Ua ulikuwa mtupu. Faili la Espoir lilikuwa juu ya mizani, peke yake, na mshale haukuwa umejisumbua hata kutikisika. Nikatoa madaftari yangu, nikayapanga juu yake moja baada ya jingine, kwa mikono miwili. Mshale ukapanda taratibu, ukapita moja, ukapita mbili, ukatulia. Nikashusha pumzi.

"Unafanya nini?"

Mama Naima alikuwa nyuma yangu na debe kiunoni. Nikamweleza yote: Wafula, kilo moja, kilo mbili, ndege ya Kanada. Alinisikiliza hadi mwisho, na kwa hilo namshukuru. Kisha akayaondoa madaftari manne, akanirudishia, akaliweka faili la Espoir mezani, na debe lake akalimimina kwenye sinia.

"Hii ni mizani ya maharagwe," akasema. "Mafaili tunayaweka hapa meza ikijaa. Hadithi ya mtu haipimwi, Odhiambo. Inasomwa."