Mzee Mwenye Masikio Makubwa

Mdogo wangu alipohamia Manono kutengeneza pikipiki, tulibaki kuongea kwa simu tu. Siku moja akaniambia mimi dada yake mkubwa, "Yaya, kuna mchezo watu wanaingia pamoja kwa telefone. Jitengenezee muntu wako, uingie, tutembee wote."

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kalemie, na michezo ya simu nilizoea kuwanyang'anya wanafunzi. Lakini nilikuwa nimemkumbuka sana. Jumapili, baada ya misa, nikaketi barazani nikaanza.

Nilitaka mwanamke anayefanana nami: mfupi, mnene kidogo, nywele za kusuka. Mchezo ukanipa wanawake kumi na wawili, wote wembamba, wote na viuno vya nyigu. Nikavuta alama ya unene hadi mwisho. Akanenepa mikono tu.

Mama akaacha kuchambua ndagala, dagaa wetu wa ziwani, akaja kuinama begani kwangu.

"Huyu njo nani?"

"Njo mimi, Mama."

"Hapana. Ile pua haiko ya kwetu."

Tukaanza kutafuta pua. Tulipoipata, rezo, yaani mtandao, ikakatika, na iliporudi yule mwanamke alikuwa ametoweka. Nikaanza upya. Safari hii nilifika kwenye kazi: askari, mwindaji au mlozi. Kidole changu kilikuwa kinaelekea kwa mlozi, maana alikuwa na joho zuri, Mama akanishika mkono.

"Wewe, mutoto wa kubatizwa ku misheni ya Mpala, unataka kuandikwa mulozi? Chagua mulimaji."

"Mulimaji hayuko, Mama."

"Sasa hao watu wote wanakula nini?"

Nikachukua uwindaji. Likabaki jina. Kila nililoandika lilikataliwa: limeshachukuliwa. Kwa hasira nikaandika Ndagala, kwa sababu harufu yake ilikuwa imejaa barazani. Nalo lilikuwa na mwenyewe! Mama akacheka mpaka akakaa chini. Nikaongeza neno, nikawa Ndagala Mukavu, likakubaliwa. Kabla sijamaliza kushangilia, rezo ikakatika tena.

Mara ya tatu nilikuwa nimechoka hata kuchagua macho. Nikabonyeza alama nisiyoijua, na simu ikachanganya kila kitu yenyewe. Akatokea mzee wa ndevu nyeupe, kitambi, kofia bapa, na masikio makubwa yaliyosimama kama milango iliyoachwa wazi.

Nikataka kumfuta. Mama akanizuia.

"Usimutoe," akasema polepole. "Angalia vizuri. Huyu njo Papa yenu."

Nikaangalia. Kweli. Papa alifanya kazi ya reli maisha yake yote, na miaka minne baada ya kumzika, sasa alikuwa amesimama kwenye simu yangu na upinde mgongoni. Tulitazamana na Mama, nikaogopa atalia. Badala yake akapiga makofi.

Nikaingia. Mdogo wangu alikuwa ananisubiri kando ya daraja, askari mrefu mwenye nywele za kijani. Sauti yake ikatoka kwenye simu:

"Yaya, njo wewe? Mbona umekuja na masikio ya Papa?"

Yeye alicheka kule Manono, sisi huku. Kisha Mama akanipokonya simu.

"Unakula vizuri? Na zile nywele, utazikata lini?"

Nilimwendesha mzee vibaya sana. Alizunguka pale pale, akagonga ukuta, akatumbukia mtoni, na mdogo wangu wa nywele za kijani akaruka kumfuata huku akiita, "Papa, ogelea!" Kila alipopita mtu tusiyemjua, Mama aliniamuru nisimame nimsalimie. Wengi walipita tu. Mmoja akainama kwa heshima mbele ya mzee, na Mama akamwitikia kwa sauti kubwa hata jirani akatoka kuangalia ni mgeni gani aliyetufikia.