Jina la Mjukuu kwenye Njia ya Mafuta

Mashavu wa Chanika anauza machungwa pale Segera, na mkono unaopima chungwa kwa uzito ndio huohuo unaochagua tufe. Kila Jumamosi hupanda gari mpaka Korogwe, nyuma ya duka la Amirali, ambako mzee huyo ametandika njia ndefu ya mbao ili watu wavingirishe matufe ya mninga na kuangusha chupa kumi zilizojazwa mchanga. Mashavu huzungusha kifundo cha mkono anapoliachia lake. Tufe huenda pembeni kama linatoroka, kisha hukata kona na kuzivamia chupa katikati. Wanaume wanaudhika, naye raha yake ni hiyo.

Jumamosi moja hakwenda kutafuta raha. Bintiye Munira alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na kwao mzaliwa wa kwanza hupewa jina la upande wa baba. Mashavu alitaka aitwe Maryamu, jina la marehemu mama yake, ambalo hakuna mtu kwenye ukoo aliyelirithi. Mkwewe Awadhi, mkulima wa Mkumbara, baba wa mume wa Munira, alitaka Mwanahawa, jina la mama yake yeye. Wakakubaliana matufe yaamue, matano kila mmoja.

"Karibu, mkwe," alisema Awadhi, akijifuta mikono haraka haraka. "Leo nimekutangulia."

"Umefanya vyema, mkwe wangu."

Tufe la kwanza la Mashavu, lile la vanishi alipendalo, halikukata kona. Liliteleza moja kwa moja, likagusa chupa mbili za pembeni, likatumbukia kwenye mtaro wa kando ya njia. Alipoliokota vidole vikanata. Mafuta ya alizeti. Awadhi, arushaye moja kwa moja na kuangusha chupa sita au saba bila ufundi wowote, alikuwa ameipaka njia nzima. Mzee wa ndevu nyeupe, na haya hana.

Lakini mkwe hagombezwi. Hata akikukanyaga mguu, unamwomba radhi wewe. Mashavu akaimeza hasira.

"Njia inang'aa leo, mkwe."

"Mungu ameijalia, mkwe."

Akaliacha tufe la vanishi, akachukua lile lililopigwa msasa likabaki linakwaruza, lisilo na mwenyewe. Akalitupa polepole, kifundo akikizungusha zaidi, lipate nafasi ya kuzishika mbao. Chupa tano. Kila liliporudi alilifuta kwa kanga yake bila haraka, kisha akalipitisha palepale lilipopita. Saba. Tisa. Kanga ikalowa, njia ikakauka. Awadhi aliona. Angelalamikia nini? Mafuta yapi?

Awadhi alikuwa amemaliza na chupa thelathini na mbili, Mashavu ana ishirini na tatu; tufe lake la mwisho lilihitaji chupa zote kumi. Mashavu aliogopa kweli. Tufe likaenda mpaka ukingoni, likasita, likakata kona. Hakuna chupa iliyobaki imesimama.

Siku ya kumpa mtoto jina, Awadhi alifika Chanika akampakata. Usiloweza kumwambia mkweo, unamwambia mtoto, na mkweo anasikia.

"Maryamu," alisema, "ukikua mwambie bibi yako, babu ndiye aliyemwaga mafuta."

Mashavu alikuwa akikoroga uji, machozi yakimtoka kwa kulisikia jina lile likiitwa tena ndani ya nyumba. Hakugeuka.

"Maryamu, mwambie babu yako, bibi alijua tangu tufe la kwanza."