Chemchemi Nisiyoifikia

Alhamisi moja ya mwezi wa tano, katika ofisi yetu ya Etterbeek, Brussels, nilitia alama ya bluu kwenye ramani mahali ambapo sikuwahi kufika. Mkurugenzi ndiye aliyeniomba, na ningeweza kukataa. Nilikuwa na miaka hamsini na tisa na mkataba wa kudumu. Hakuna mtu ambaye angenifukuza kwa kusema hapana. Nilibonyeza mara moja, alama ikakaa, tukashuka kunywa kahawa. Ninaandika haya kwa ajili ya vijana wanaotaka kazi hii, wajue ilivyofanywa na jinsi mimi nilivyoiharibu.

Nilianzia chini, kwenye karakana. Siku ya kwanza Mkuu wa Karakana, Mbelgiji mnene asiyependa maneno mengi, alinipa gurudumu na kuniuliza kama lina upepo wa kutosha. Nikalibonyeza kwa kidole gumba, kama nilivyofanya miaka yote Lubumbashi.

“Kidole chako kina namba?” aliniuliza.

“Hapana, bosi.”

“Basi chukua kipimo.”

Baiskeli tulizozitengeneza zilikuwa za changarawe. Usukani wake umepinda kama wa baiskeli za mashindano, ila matairi ni mapana na hutiwa upepo mdogo ili yashike mawe badala ya kurukaruka. Hayana mpira wa ndani. Tulimimina humo maji meupe mazito ambayo, mwiba ukitoboa, hukimbilia kwenye tundu na kuliziba. Nilijifunza yote hayo kwa mwaka mmoja.

Kampuni yetu iliwapeleka watu wa Brussels kuendesha baiskeli mashambani Uhispania. Mkurugenzi alizaliwa Likasi, baba yake alikuwa mhandisi huko, na Kiswahili cha Katanga alikisema bila kutafuta maneno. Alipenda kunitania mbele ya wageni, akiniita papa kwa maana ya mzee: “Unaona, papa? Ile vumbi weye ulikuwa unakimbia kwenu, aba batu banapanda ndege juu ya kuitafuta!” Nilicheka, maana ilikuwa kweli: walilipia ndege ili kulitafuta vumbi nililolikimbia.

Baadaye nilihamishiwa idara ya njia. Mkuu wa Njia alikuwa mwanamke wa Aragoni, mfupi, mwenye miguu migumu kama ya mchunga kondoo. Kwake nilijifunza kuchora mstari, yaani njia ambayo mgeni ataifuata kwenye kifaa chake kidogo cha usukani. Tuliunganisha barabara za matrekta, njia pana za zamani za kuswagia kondoo, na mapito kati ya mashamba ya mizeituni na mlozi. Alama nyekundu ilikuwa ya hatari: mteremko wenye mawe yaliyolegea, au mbwa asiyefungwa. Ya njano ilikuwa ya kivuli. Ya bluu ilikuwa ya maji.

Alama ya bluu ilikuwa na sheria yake. Mwenye kuitia lazima awe amekunywa pale kikombe kizima, kwa mdomo wake, katika msimu huohuo. Chemchemi za vijiji vile hubadilika. Mwaka huu maji yanatoka, mwaka ujao wanakijiji wamehama na mtu amefunga bomba. Nilipotoka safarini, Mkuu wa Njia hakunisalimu kwanza. Aliuliza, “Umekunywa?” Nikijibu kwamba nimeona maji kwa macho, alinirudisha. Sheria ya pili ni kwamba wakati wa joto zisizidi kilomita thelathini na tano kati ya maji na maji.

Mdogo wangu Dieudonné nilimwingiza mimi kwenye kazi hii. Tumezaliwa tumbo moja, na aliniita yaya, kama sisi wa Katanga tunavyomwita kaka mkubwa. Alikuwa kiongozi wa misafara, hodari kuliko mimi, mcheshi. Wageni walimpenda. Aliwaambia kila mara kwamba mistari ya kaka yake unaweza kuifuata ukiwa umefumba macho.

Mwaka ule nilitumwa kuchora njia mpya ya siku sita kwenye uwanda wa juu wa Aragoni. Siku ya tano ilikuwa na kilomita hamsini na nane kati ya vijiji viwili, na katikati, kwenye kilomita ya thelathini na moja, palikuwa na kitongoji kilichohamwa chenye chemchemi. Mvua ilinyesha usiku uliotangulia. Udongo wa kule ni mfinyanzi, ukilowa hushika matairi hadi gurudumu haligeuki. Nilisukuma baiskeli, kisha nikaibeba, kisha nikageuka. Nilibakiza kilomita nane tu. Nilijiambia nitarudi, lakini sikurudi.

Mwezi wa tano Mkuu wa Njia alikuwa kwao akipasuliwa goti. Mkurugenzi alikaa pembeni yangu mbele ya kompyuta.

“Bon, papa, inabakia nini?”

“Maji ya siku ya tano. Sikufika.”

“Lakini iko ku photo ya satellite. Ona, ile bassin iko pale.”

“Bassin iko,” nilisema, nikilitazama lile birika kwenye picha. “Maji sijui.”

“Alors tia bluu. Njia inatoka kesho. Bila ile maji, siku ya tano inaanguka, na safari yote inaanguka.” Akasogeza kiti karibu. “Mwaka kesho ule mama anaenda pension. Kiti yake, mi najua muntu moja anaweza kuikalia.”

Nilikitaka kile kiti. Sitasema nililazimishwa. Nilijiona tayari nikiwauliza vijana kama wamekunywa. Nikatia.

Mwezi wa saba Dieudonné aliongoza watu wanane, mmoja wao mama mwalimu, kwenye njia ile. Mimi niliendesha gari la mizigo, nililopaswa kulizungusha kwa barabara ya lami hadi kijiji cha mwisho. Joto lilifika digrii arobaini kivulini. Saa saba mchana simu ikalia.

“Yaya, niko ku fontaine yako.”

“Maji yanatoka?”

“Maji gani? Robinet haina hata kichwa. Mu bassin ni miba tu.”

“Zunguka nyuma, labda kuna bomba lingine.”

“Nilishazunguka, yaya! Bidon zote za maji zimeisha. Ule mama mwalimu anaanza kutetemeka. Reste vingt-sept kilomètres. Donc tunafanya nini?”

“Wakae kivulini. Nakuja.”

“Niambie kwanza. Ulikunywaka hapa?”

“Nakuja,” nilisema tena, nikakata.

Zilikuwa kilomita ishirini na saba za njia ya changarawe kati yangu na wao. Nilipiga simu ya dharura, nikajaza maji madumu yote, nikaingiza gari njiani. Kwenye kilomita ya tisa njia ilipenya korongo, ikawa nyembamba kuliko gari. Nilishusha baiskeli ya akiba, nikaweka lita kumi za maji kwenye begi la mgongoni na kuanza kupanda. Begi lilinivuta nyuma. Kila nilipoinua macho niliona njia nyeupe na hakuna mtu juu yake. Nilikuwa na kiu, na sikuthubutu kunywa.

Baada ya kilomita saba nilimwona. Alikuwa amelala kando ya njia, kofia ya baiskeli bado kichwani, kichwa ndani ya kivuli cha kichaka kisichotosha hata mbuzi. Alikuwa amempa mwalimu chupa yake ya mwisho, akawaketisha wageni nyuma ya ukuta wa kanisa lililobomoka, kisha akatoka peke yake kunifuata mimi na maji. Ngozi yake ilikuwa kavu na ya moto kama bati. Alikuwa akizungumza na marehemu mama yetu.

“Maman, funga mulango,” alisema. “Jua inaingia.”

Nilimmwagia maji kichwani, kifuani, mapajani. Nilijaribu kumnywesha, yakatoka. Wale wanane walikuwa kilomita kumi na moja mbele, na begi lilikuwa moja. Sikuondoka. Nilikaa nikimpepea kwa ramani mpaka helikopta iliposikika. Wageni waliokolewa na mkulima aliyeingia na gari la shambani kutoka upande wa pili, akielekezwa na watu wa dharura. Wote walipona, hata mwalimu.

Dieudonné alizinduka siku ya nne, lakini figo zake hazikuzinduka. Alisafirishwa hadi hospitali kubwa ya Jette, Brussels. Mkurugenzi alikuja na maua, na tulipokuwa kwenye korido akaniambia kwa sauti ya chini, “Mi niliomba, papa. Weye njo ulitia.” Aliyetia alama ni mimi. Nikafungua mlango wa chumba.

Ndani, Dieudonné aliomba mkewe atoke. Kisha akanigeukia.

“Yaya, mara ya pili nakuuliza. Ulikunywaka?”

“Hapana. Sikufikaka.”

“Kwa simu, ulijua?”

“Nilijua.”

“Kama ungeniambia hapohapo, ningewarudisha batu kwa ile shamba ya mlozi tuliacha nyuma. Kilomètres six, kisima iko. Mi nilifikiri umekunywa. Nilisema, yaya hawezi kukosa, labda iko robinet ingine. Nilitafuta karibu saa moja.” Akageuza uso kuelekea ukutani. “Enda kwako.”

Niliandika barua ya kujiuzulu kabla Mkuu wa Njia hajarudi. Aliponipigia simu hakuuliza swali lake. Alisema amefika pale kwa fimbo, amekuta bomba limeziba miaka mingi, na ameifuta alama. Kisha akakata simu.

Sasa nimestaafu. Vijana wa baiskeli hunikuta kwenye mkahawa wa Porte de Namur, wananionyesha mistari waliyoichora wakiwa sebuleni kwao, na ninawasahihisha. Ninawaambia picha huonyesha birika, haionyeshi maji. Wanaitikia kwa heshima, na wengine hawasikii, kama ambavyo mimi sikusikia. Zamani nilijitetea kwamba kosa lilikuwa la Mkurugenzi, au la mvua. Siku hizi sijitetei. Mvua ilinizuia kufika. Haikunizuia kusema kwamba sikufika.

Mwaka jana nilimtuma mke wa Dieudonné amwambie kwamba niko tayari kupimwa, na kama figo yangu inamfaa, ni yake. Alirudi na jibu akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. “Amesema hataki kitu yako ndani ya mwili yake, yaya. Unisamehe. Njo vile alisema.”

Mdogo wangu anafungwa kwenye mashine ya kusafisha damu siku tatu kwa wiki huko Jette. Kutoka mlangoni kwangu ni mwendo wa nusu saa. Miaka sita sijauona uso wake, na jina langu limeandikwa mapokezi kwamba nisiruhusiwe kupanda. Nilikuwa na ndugu mmoja duniani, na kwa ajili ya alama ile nimempoteza akiwa hai.