Kitufe cha Moja

Tok, tok. Mpaka leo nausikia. Ni ukucha wa mama, wa mkono wa kushoto, unagonga kile kimaiki kilichokaa mbele ya mdomo wake kama mdudu aliyetua. Mara mbili ilikuwa marahaba.

Mama yangu ni mtu wa salamu. Nilipokuwa mdogo ukiingia ndani bila kumwamkia anakurudisha mpaka mlangoni, unaanza safari upya. Kiharusi kilipompooza upande wa kulia kilichukua na maneno, yakabaki mawili tu, "ee" na "hapa". Marahaba ikawa ndefu mno kwa mdomo wake. Ndiyo maana tulipopata ile simu tukakubaliana hivyo: mimi nikisema shikamoo, yeye anagonga.

Simu yenyewe ilitoka kazini kwangu, Mikumi. Nilikuwa mapokezi kwenye nyumba ya wageni kando ya barabara kuu, wanapolala madereva wa malori na wageni wa mbugani wasio na fedha za kulala mbugani. Ilikuwa simu ya hedifoni isiyo na waya. Unaivaa kichwani, kiunoni unabana kidude chenye vitufe, na kitako chake kinakaa kaunta na laini tumboni. Unaweza kwenda mpaka chumba cha mwisho umebeba mashuka na huku unaongea. Mimi nilikuwa nikiivaa najiona mhudumu wa ndege. Natandika kitanda, naiambia mito ifunge mikanda, tunakaribia kutua. Siku moja nilikuwa namwamkia bosi hewani, mzee mmoja dereva aliyekuwa nyuma yangu akaitikia, "Marahaba." Kisha akauliza, "Sasa binti, mbona unaniamkia umenipa kisogo?" Ikabidi nigeuke nimwamkie upya, amkio lake mwenyewe.

Kilichonipendeza zaidi ni ile kumbukumbu yake. Huna haja ya kupiga tarakimu zote kumi. Unabonyeza kitufe chenye herufi M, halafu namba kuanzia moja mpaka tisa, yenyewe inampigia uliyemsevu pale. Bosi alikuwa moja, ingawa tulimpigia kwa nadra sana. Dobi, ambaye tulimsumbua kutwa nzima, alikuwa nane. Sikuona ajabu yoyote.

Bosi aliponunua nyingine akaniita. "Hii kachukue, mpelekee mama yako. Mkono mmoja hauwezi kushika simu na kubonyeza." Nililia palepale kaunta, mgeni akadhani nimefukuzwa kazi.

Nyumba yetu iko Kilosa mjini, upande wa reli. Baba alishafariki na mimi ni peke yangu tumboni mwa mama. Mshahara wangu wa Mikumi ndio uliokuwa dawa zake na chakula chake, kwa hiyo kukaa naye kutwa sikuweza. Aliyekuwa akimwogesha asubuhi na kumlaza jioni ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mama mmoja muuza vitumbua. Katikati ya hapo jirani yuko stesheni na karai lake, na mama yuko peke yake, na fimbo yake, na hatua zake kumi na mbili kutoka kitandani mpaka kwenye kiti cha barazani. Hilo ndilo lililokuwa likininyima usingizi. Akianguka, nani atajua?

Nikachukua siku nne za mapumziko nikamfundisha. Nilipoangalia vitufe nikaona bahati imetuangukia: M iko kona ya chini kushoto, na moja iko juu yake kabisa, kona ya juu kushoto. Kidole gumba kinabonyeza chini, kinapanda wima, basi. Nikabandika kipande cha plasta juu ya M ili akipapase hata asipoangalia. Kwenye moja nikajisevu mimi. Kwenye mbili jirani. Tatu mchungaji wa kanisani kwetu. Tukafanya mazoezi, yeye barazani, mimi nimekimbilia darajani na simu yangu mkononi. Mara ya kwanza alibonyeza M akasahau kupanda. Mara ya pili alipanda akaishia katikati. Siku ya tatu simu yangu ikaita. "Shikamoo mama." Tok, tok. Nikarudi mbio kama mtoto aliyefaulu.

Jirani alikuwa ameegemea mlango anacheka. "Haya, mama yako sasa kawa kituo cha redio. Atuwekee na matangazo ya vifo."

Mama akasema, "Hapa." Akamwonyesha jirani lile karai la vitumbua.

"Ee, na matangazo ya biashara. Nimekuelewa."

Tulicheka sana siku ile.

Wiki iliyofuata akashuka mjomba kutoka Lumuma, kaka yake mama wa kuzaliwa tumbo moja, analima vitunguu kule milimani. Kwa watu wa upande wa mama jambo lolote linalompata mwanamke anaambiwa kwanza kaka yake. Ugonjwa, posa, msiba, hata ugomvi wa ndoa, kaka ndiye anayefungua mdomo na wengine wanafuata. Baba alipofariki tulikaa na maiti ndani bila kupiga yowe mpaka mjomba alipopatikana, na mtandao kule kwao unafuatwa kama maji, unapanda kilimani karibu na kanisa ndipo simu inapata uhai.

Nilikuwepo, nilikuwa nimeomba ruhusa ya Jumapili. Nikamwonyesha simu kwa furaha yangu yote. Akaivaa mwenyewe, akajitazama kwenye kioo cha kabati, akaridhika. Kisha akauliza, "Na humu namba moja ni nani?"

"Ni mimi, mjomba."

"Na mimi?"

Sikuwa nimemweka kabisa.

"Sipo," akasema. Hakupandisha sauti. "Mchungaji yupo. Muuza vitumbua yupo. Mimi niliyembeba huyu mgongoni anatoka makamasi, sipo."

"Mjomba, ni kwa sababu ya mtandao. Kule kwenu—"

"Kwetu. Sema kwetu. Na mtandao hauna umri. Siku mama yako akipatwa na jambo, habari yake niipokee kutoka kwako wewe? Mtoto anifungulie mimi mlango?"

Jirani, aliyekuwa akichambua mchele, akasema bila kuinua macho, "Shemeji, mlango wenyewe uko mbali."

"Wewe nimekusikia. Endelea na mchele."

Kwetu mjomba habishiwi. Nikaichukua simu, nikamsevu yeye kwenye moja, mimi nikashuka mbili, jirani tatu, mchungaji nne. Mjomba akahesabu kwa vidole kuhakikisha. Nikapiga magoti mbele ya mama nikamwambia taratibu, "Mama, mimi sasa niko mbili. M, halafu mbili. Mbili iko pembeni ya moja." Akaniangalia. Akasema, "Ee." Sikumfanyisha mazoezi. Gari la Mikumi lilikuwa linaondoka na mimi nilijiambia ameelewa, mama yangu si mjinga.

Lipo na lingine la kwangu mwenyewe, wala simsingizii mjomba. Kabla ya ile simu kuja, nilikuwa nampigia jirani kila siku saa sita, yeye anamwachia mwenzake karai anakimbia nyumbani kumchungulia mama. Tangu simu ilipokuja nikaacha. Nilijiambia, mama ana kitufe, akinihitaji atapiga. Asipopiga nafurahi. Yaani nilianza kuusikiliza ukimya kama habari njema.

Siku ile, Alhamisi, tulipata basi zima la wageni, gari lao lilikufa. Nilishinda nikipanda na kushuka na mashuka. Mara mbili nilichomoa simu yangu mfukoni nikaangalia. Hakuna aliyenitafuta. Nakumbuka vizuri nilitabasamu.

Saa kumi jirani akapiga. Hakunisalimia. "Njoo Kilosa. Yuko hai, lakini njoo."

Mama alianguka asubuhi, jirani alipotoka tu kwenda stesheni, katika hatua ya tano au ya sita. Alikuwa amelala sakafuni ubavu wa kulia, ule usiosikia. Hedifoni ilikuwa kichwani na kidude cha vitufe kiko mkononi. Jirani alipopiga magoti akasikia sauti ndani ya hedifoni, ndogo, kama ya mtu aliye chumba cha pili. Akaitoa akaisikiliza. Ilikuwa ile sauti ya dada wa mashine, yule mpole, anasema namba unayopiga haipatikani kwa sasa, tafadhali jaribu tena baadaye. Mama hakungoja irudishwe kichwani. Akabonyeza M, kidole kikapanda wima. Akajaribu tena, kama alivyoambiwa.

Mkono wake ulijifunza njia moja tu, nami ndiye niliyeufundisha. Kwake yeye pale juu nilikuwepo mimi. Kutwa nzima alikuwa ananiita, na kutwa nzima anaambiwa sipatikani.

Nilimkuta hospitali. Nyonga haikuvunjika, lakini daktari akasema zile hatua tusizitegemee tena. Nikasema, "Shikamoo mama." Hakugonga popote. Alinitazama muda, kisha akageuza uso ukutani. Nikakaa nimeshika miguu yake. Jirani alikuwa nyuma yangu. Akanong'ona, "Amechoka, mwanangu. Usichukulie moyoni." Nilichukulia.

Mjomba alifika Jumamosi. Alikuwa amepanda kilimani kupiga simu kuulizia bei ya vitunguu, simu yake ikaingiza meseji za kutafutwa zote kwa mkupuo. Hakunisalimia, wala hakusubiri nimwamkie. Alinyoosha simu yake mbele yangu nione. Namba ya mama, mara kumi na tisa. Ya kwanza saa mbili na dakika tano asubuhi.

"Nilikuwa bondeni, naelekeza maji shambani," akasema.

"Ndiyo, mjomba."

"Sikuwa mbali."

"Ndiyo."

Mzee wa kwetu hamwombi mtoto radhi, na mimi sikuitaka, ningeiweka wapi? Alichofanya ni hiki: aliomba bakuli la uji kutoka kwa jirani, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamlisha mama. Sijawahi kuona mwanaume wa rika lake akimlisha mtu. Uji ukamwagikia shuka. Jirani, ambaye siku nyingine asingemwachia, alisema tu, "Shemeji, kijiko kidogo. Unamlisha, hujengi."

"Nifundishe basi," akasema mjomba.

Mama akacheka kwa upande wake mmoja. Mchana nilipomletea maji akanishika kidole, akanigonga kiganjani mara mbili. Sikuwa nimemwamkia. Nililia mpaka muuguzi akaniambia nitoke nje.

Tulimrudisha nyumbani Jumanne. Jumatano asubuhi mjomba na jirani walimbeba na kiti chake wakampeleka uani kuota jua, nawasikia wanabishana juu ya kivuli cha mpapai kitafika wapi saa nne. Mimi nilibaki ndani natandika kitanda chake. Simu ilikuwa juu ya kabati, haijaguswa tangu Alhamisi.

Nilifikiri nijirudishe mimi. Moyo ulitaka sana, nisiseme uongo. Nilitaka mama akibonyeza moja niwe mimi, na mtu akiuliza nani wa kwanza nijibu ni mimi. Lakini Mikumi ni Mikumi. Nikiipokea simu yake nitafanya nini zaidi ya kumpigia jirani? Na mjomba nilijua akiulizwa atasema ngoja tukae kikao.

Sikumuuliza mtu. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikashikilia M mpaka taa ndogo ikawaka, nikaingiza namba ya muuza vitumbua, tarakimu moja moja, nikabonyeza moja. Mjomba nikamweka mbili. Mimi nikajiweka tatu. Ile plasta ilikuwa imeanza kubanduka kona, nikaikandamiza kwa ukucha mpaka ikashika.