Nilivyoyaponya Macho ya Neema kwa Simu

Mwanamke alinipigia simu hapa Rujewa, akajitaja kuwa Rehema Sanga wa chuo kikuu Iringa, anakosoma mjukuu wangu Neema, akauliza kama binti huyo anaona vizuri. Nikamshuku papo hapo. Chuo kina shida gani na macho ya mtu? Nikajua katumwa na wazazi wa Lusajo, kijana anayetaka kumchumbia Neema, achunguze kasoro. Kweli Neema haoni vizuri tangu surua ya utotoni, lakini nikajibu, "Huyo anatunga uzi kwenye sindano gizani."

"Una hakika, bibi?"

"Hata kuku wa jirani anawatambua kwa mbali."

"Basi muda wa ziada kwenye mtihani hatutampa."

Nikasikia sauti ya Neema humo humo kwenye simu: "Bibi, mimi ndiye niliyewapa namba yako, uwe shahidi wangu."